Siku Tisa za Mfungo Wangu kwa Mama Noela

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya tatu ya mfungo. Nimekula vizuri.

Niandike tangu mwanzo, ili nikifa kwa presha mtu ajue sababu. Siku ya utambulisho nyumbani kwa kina Careen, mchumba wangu, nilirudia pilau mara tatu. Mkwe wangu mtarajiwa, Mama Domina, akauliza kutoka jikoni, watu wote wakisikia, kama nimekuja kuposa binti au kuposa sufuria. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa uchungu. Ili kusafisha jina nikasimama na kutangaza kwamba nitafunga chakula cha mchana siku tisa, kwa novena, hadi tangazo letu la tatu la ndoa Jumapili hii. Mdomo huu! Mama Domina akaguswa hadi machozi. Akasema naye atafunga pamoja nami. Akaifikisha habari jumuiyani. Sasa mtaa wetu wote wa Ruhuwiko unajua Urbani anafunga.

Siku ya kwanza nilistahimili hadi saa saba na robo.

Mpango: kula mtaa wa Mfaranyaki, mgahawani kwa Mama Noela, mbali na duka letu la steshenari. Meza ya pembeni, uso ukutani. Lakini kula peke yako mgahawani si kazi ndogo, jamani. Watu wanakutazama kama uliyefukuzwa na ndugu. Leo Mama Noela kaniuliza kwa sauti wenzangu wako wapi. Nikaona haya, nikasema kuna mtu namsubiri. Akaleta sahani mbili. Mtu hakuja. Nikala zote.

Jumanne, 9 Septemba

Usiku sikulala. Mkwe akijua, hakuna ndoa. Alisema mwenyewe kwamba mwanamume mlafi anaweza kuvumilika, mwongo hapana. Na mimi sasa ni vyote viwili.

Halafu kuna hili neno "karibu". Mama yangu alinilea vizuri mno. Mkono ukiwa kwenye sahani na mtu akapita, unasema karibu. Yeye anajibu asante, endelea. Mnaachana kwa amani. Nikisahau, mama alikuwa ananifinya paja chini ya meza. Sasa linatoka lenyewe, kama chafya.

Leo kapita dereva wa bodaboda. Karibu tule! Alitakiwa kusema asante. Akasema haya, akaomba maji, akanawa. Mungu wangu! Samaki mzima wa Nyasa, mbasa, aliyekuwa ananitazama kwa upendo! Jamaa kamla kuanzia kichwani. Ningemkatazaje, na nimemkaribisha mwenyewe? Alipofika mkiani akaniuliza kama hajawahi kuniona Ruhuwiko. Nikasema mimi ni wa Namtumbo, nimekuja kuuza tumbaku. Akaniuliza bei ya tumbaku. Nikaondoka na tonge mkononi.

Kuanzia kesho sisemi karibu kwa mtu yeyote.

Jumatano, 10 Septemba

Balaa dukani. Kajetani, tunayefanya naye kazi ya kutoa fotokopi, kanipa mkono asubuhi wakati tulikuwa tumeshasalimiana. Akaubakiza wangu mkononi mwake. Akaunusa! Akasema mfungo wa siku hizi unanuka samaki hadi kesho yake. Huyu anaimba kwaya moja na Careen, na kabla yangu alimwandikia barua mbili. Nikamjibu kwamba ni gundi. Nimenawa kwa limao mara nne.

Saa sita akaja Careen mwenyewe. Akasema nang'aa, na kwamba ni neema. Akanishika shavu. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye naona kapungua kidogo, nadhani ni kwa ajili ya gauni. Mabibi harusi ndivyo walivyo. Akasema hajawahi kupata mtu wa kujinyima kwa ajili yake. Nilikaribia kusema ukweli, kweli kabisa. Kisha nikaona ni saa saba kasorobo.

Kwa Mama Noela nilitumia mbinu mpya: tonge kubwa mdomoni muda wote, ili neno lisipate njia. Akapita mzee na bakora yake. Karibu haikutoka. Bahati mbaya na shikamoo haikutoka. Mzee akasimama, akangoja. Mimi natafuna tu. Akamuuliza Mama Noela kama mimi ni bubu. Mama Noela akasema hapana, sikufunzwa adabu.

Sikufunzwa adabu! Mimi! Mama yangu angesikia angelia.

Alhamisi, 11 Septemba

 

Nilikwenda leo nimeamua kurudisha heshima. Atakayepita, awe nani, atakaribishwa kwa sauti ya mtu aliyelelewa. Nikakaa, uso ukutani. Nikanawa. Nikasikia viatu vya mama mmoja nyuma yangu. Bila kugeuka, kwa furaha kabisa: shikamoo mama, karibu, karibu sana, tule pamoja!

Viatu vikasimama.

Nikageuka. Mama Domina.

Yesu na Maria! Nimekamatwa nakula katikati ya mfungo. Na kana kwamba hiyo haitoshi, nimemkaribisha mkwe kwenye sahani yangu! Kwetu mtu hali mbele ya mama mkwe, hata kumeza maji unageuka pembeni. Mama Domina akajifunika kitenge usoni. Mimi nikajifunika kwa kitu cha karibu, kikawa ni sinia. Nikasema moyoni, kwaheri Careen. Kwaheri harusi.

Ndipo Mama Noela, asiyejua lolote, akatoka jikoni na kumwambia Mama Domina kwamba ugali wake wa kila siku uko tayari ingawa leo kawahi, na kamwekea maini.

Wa kila siku!

 Kisha mkwe, akiwa bado ndani ya kitenge, akamwagiza Mama Noela amwambie yule baba pale kwamba yeye hajamwona. Nikamwagiza Mama Noela amwambie yule mama kwamba nami sijamwona. Mama Noela akatutazama wote wawili, akasema leo kapokea wagonjwa.

Mkwe akakaa meza ya nyuma yangu, tukapeana migongo. Nilimsikia akitafuna. Anatafuna kwa bidii sana, kumbe.

Ijumaa, 12 Septemba

Mchana mtulivu kuliko yote. Tumepeana migongo. Mkwe akamtuma Mama Noela anipe kipande cha samaki. Nami nikamtuma ampelekee pilipili. Kwa mdomo wa Mama Noela mkwe kaniambia kwamba Jumamosi ile ya kwanza alivumilia hadi saa saba kamili. Nilimshinda kwa robo saa. Sikumwambia.

Sasa siogopi kula peke yangu. Sasa namwogopa Kajetani.

Jumapili, 14 Septemba

Tangazo la tatu limesomwa. Padri aliposema anayejua kizuizi cha ndoa hii atoe taarifa, Kajetani akakohoa. Akasimama. Moyo wangu ukasimama pamoja naye. Niliona harusi, keki na Careen vikitoka mlangoni kimoja kimoja. Kajetani akaenda dirishani, akalifunga, akarudi kukaa. Vumbi tu, bwana! Mkwe, benchi la mbele, alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini.

Baada ya misa nje watu wakatupongeza kwa mfungo, mkwe na mimi. Mkwe akasema si sisi, ni Mungu. Nikaitikia amina. Kisha Careen akayumba. Nikamdaka. Midomo mikavu, mkono mwepesi. Nikamuuliza ana nini. Akainamia sikio langu, akasema hakutaka kujionyesha, lakini tangu siku ya kwanza naye anafunga. Siyo mchana tu, hata kifungua kinywa. Kasema kila njaa ilipombana alitufikiria mama yake na mimi, akaona haya kula.

Nikashindwa kumwangalia. Nilimtazama mkwe, naye akawa anatazama viatu vyake. Sijawahi kujiona mtu wa hovyo namna ile. Nilijisikia kulia, na nikalia, mbele ya kanisa, na watu wakasema ni kwa furaha.

Na Careen bado anataka kuendelea! Anataka tuongeze siku tisa nyingine za shukrani, hadi karibu na harusi. Hapo nilijua lazima niseme. Nikamvuta pembeni, nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia hapana, mpenzi, hutafunga hata siku moja zaidi. Wewe kula, upate nguvu. Siku zako zote nitakufungia mimi, pamoja na zangu.

Akalia begani kwangu. Akasema hakustahili mume kama mimi.

Kesho nitatoka dukani mapema. Mama Noela anasema ikifika saa nane samaki wote wameisha.