Kirangozi wa Baiskeli

Jumatatu, 16 Julai 1951

Siku kubwa! Bi Batuli, mwenye duka la asali na nta hapa Tabora, kachoka na malori. La mwisho lilikwama mchangani njia ya Ipole, nta ikayeyuka juani. Sasa anataka baiskeli. Baiskeli zifuatane, zilete asali mjini kama misafara ya zamani. Na mbele yao kirangozi! Mkuu wa njia! Akisema twende, watu wanakwenda.

Nikampa shikamoo, nikamwambia asitafute zaidi, mtu amefika. Burma nimepigana, Bombay nimeiona kutoka melini, shule nimesoma darasa la tatu na robo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kama huko Burma kuna njia ya Ipole.

Tena kumbe yuko mwombaji mwingine. Modest, seremala wa misheni! Mtu ambaye hata kupiga chafya anaomba radhi kwanza. Basi Bi Batuli kaamua: Jumamosi tutoke Ipole kila mtu na debe lake la asali. Atakayetangulia kufika dukani bila kumwaga ndiye kirangozi.

Babu yangu alibeba pembe za watu mpaka Bagamoyo. Baba alibeba masanduku ya watu stesheni. Mimi nabeba maji ya watu kwa baiskeli. Ukoo mzima, hakuna aliyewahi kutangulia mbele ya mtu. Kazi hii naitaka mpaka chakula hakipiti.

Nimekwisha watangazia soko zima kwamba nimeipata.

Jumanne, 17 Julai

Nimekwenda kuonja njia ya kusini. Lo! Nchi hii Mungu aliikunja polepole, kama mtu anayekunja shuka la mgeni. Kilima kidogo, bonde dogo, kilima tena. Hakuna pa kukutoa roho. Unapanda, unahema, mara uko juu, miombo imetandazwa mbele yako mpaka macho yanachoka. Halafu mteremko! Nikaachia breki. (Breki ni moja. Ya pili nimemwazima shemeji.) Upepo ukajaa shati, nikapiga ukelele peke yangu. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akatupa kuni, akaingia porini.

Nimerudi kumwomba radhi na kumfunga mzigo upya. Kaniuliza kama nina watu nyumbani wa kunitunza.

Jumatano, 18 Julai

Kirangozi wa zamani alivaa, bwana. Manyoya kichwani, joho jekundu! Mimi nimepata koti jeusi la sufu, refu, vifungo vya shaba. Asubuhi za Julai ni baridi, kwa hiyo ni koti la akili pia. Mke wangu Maua kasema nafanana na mhudumu wa treni aliyeachwa na treni. Wivu.

Nimempita Modest uwanjani. Anafanya mazoezi na debe la maji nyuma ya baiskeli, taratibu, shati jeupe kama mtumishi wa altare. Hata tone! Nikamwambia kuku akitaka kusafirisha mayai atamwita. Akacheka, akaniuliza kama gundi yangu ya viraka bado mbichi, yake imeanza kukauka. Nikamjibu tairi zangu mimi Mabruki haziijui miiba.

Nimenunua gundi mpya. Kimya kimya.

Ijumaa, 20 Julai

Ipole! Tumefika mimi na Modest, miguu si yangu.

Jana tumepita kizuizi cha mbung'o. Anayetoka porini kuelekea mjini lazima asimame hapo, akaguliwe, asije akaingiza mbung'o na malale kwenye ng'ombe na watu. Hata akiwa na mmoja tu, haendi mpaka huyo mmoja akamatwe. Mlinzi ni Yahaya, Mzaramo, ana kofia ya kazi na wavu wa kuwanasia. Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi tangu enzi za misafara. Akikutukana unacheka. Ukikasirika, umejiaibisha wewe.

Kaniona tu, kapaza sauti: yaani Wanyamwezi bado wanabeba mizigo, na Mwingereza wala hajawalazimisha? Nikamwambia Wazaramo wangebeba pia, ila nazi zimewazoesha kungoja kitu kidondoke. Kacheka mpaka akashika mti. Kasema koti langu analipenda sana, atanisubiri nirudi nalo. Mtu mwungwana!

Leo habari ya habari. Mzee Masele, mrina asali wa hapa, alikuwa juu ya mti akishusha mzinga. Nikamuuliza njia ya misafara ya zamani. Akajibu kutoka huko huko juu: inaanzia bonde la nje ya kijiji, inapita nyuma ya vilima, inatokea kabla tu ya kizuizi. Je, ni fupi? Fupi sana, akasema, kwa ndege. Akaendelea kunishushia maneno mengine kuhusu mbung'o, lakini mimi nilikwisha ondoka nikiimba.

Modest hajui! Atafuata barabara, maskini.

Jumapili, 22 Julai

Mwili unauma, kalamu inauma. Niandike ya jana.

Alfajiri tumeondoka pamoja. Bondeni mimi nikachepuka. Modest akaniita, ee kaka Mabruki, umepotea! Nikampungia mkono kama liwali.

Njia ya babu zangu! Nyembamba, ngumu, inateleza kati ya vilima kama iliyopakwa samli. Kupanda kidogo, kushuka kirefu. Debe limetulia. Koti linapepea. Nikawa nawaita wapagazi wasioonekana: twende, wanangu, twende!

Walionifuata walionekana. Mbung'o! Kwanza mmoja, halafu ukoo wake, halafu wilaya. Kumbe mdudu yule anapenda kitu cheusi kinachokwenda mbio. Kadiri nilivyokimbia ndivyo nilivyopendeza. Wakanidunga mgongoni, shingoni, na pale ninapokalia kiti cha baiskeli. Nikatokea barabarani nikilia machozi, lakini mbele ya Modest! Mbele kabisa!

Na mbele yangu, Yahaya na wavu.

Kanizungusha mara moja, kavua kofia. Kasema hajawahi kuona Mnyamwezi anabeba mzigo mzuri kama huu. Kaita wenzake waje. Akaanza kukamata, mmoja mmoja, kila mmoja akimwita shemeji yangu. Nikamsihi afanye haraka, kazi yangu inapotea. Akasema pole mtani, serikali haina haraka, na huyu hapa sikioni bado hajasalimiwa. Nikataka kukasirika. Hairuhusiwi! Nikacheka kwa meno yaliyobana.

Modest akafika, shati jeupe. Akageuzwa mbele, nyuma, akapita. Akaniambia pole.

Nilipoachiwa nikapanda vilima kama nakimbiza mwizi. Kilima cha mwisho kabla ya mji, nani huyu kando ya njia? Modest! Tairi chini, gundi imekauka, debe kalipakata kama mtoto. Nikapita. Nikashangilia. Nikafika mpaka chini ya mteremko.

Nikarudi. Sijui kwa nini. Yule mtu hakuniomba hata kwa jicho. Nikampa gundi, nikampa pampu, nikashika tairi mwenyewe. Akasema sasa tuingie mjini pamoja, tumwachie Bi Batuli aamue. Nikamwambia Mabruki hagawani ushindi. Atangulie yeye, nimhesabie mpaka amalize mteremko, kisha nimpite wote waone.

Nilihesabu. Halafu, ili nimpite vizuri zaidi, nikakata njia upande wa Kitete.

Pale pamechimbwa tope la matofali. Sitaki kuandika zaidi. Nilipofika dukani, asali yote salama, Modest alikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai.

Jumatatu, 23 Julai

Modest ni kirangozi. Bi Batuli kasema mbele ya watu. Nilitazama dari ya duka lake kwa muda mrefu. Dari nzuri.

Kisha akaniita. Modest kamweleza yote, ya tairi na ya gundi. Akasema wa mbele amempata, lakini msafara unahitaji na mtu wa nyuma: wa kuokota aliyeanguka, kumziba aliyetoboka, asiyeweza kumwacha mwenzake njiani hata akitaka. Akasema, mwanangu Mabruki, huyo ni wewe, na mshahara ni sawasawa na wa mbele.

Nikamshika mikono yote miwili. Maua alikuwa mlangoni, akapiga kigelegele. Mkuu wa Mkia! Mkia mzima ni wangu!

Kesho ndiyo safari ya kwanza. Modest kaamuru wote tufuate barabara. Sawa, yeye ndiye mkubwa. Ila jioni hii sokoni kuna mtu wa Tura kanichorea mchangani njia moja inayozunguka nyuma ya vilima, baridi, tambarare, haina mdudu hata mmoja, anaapa. Nimekwisha nong'ona na watu wangu wa nyuma.

Nani kasema mkia lazima ufike mwisho?