Taa Kubwa ya Nyuma Iliyowakwamisha Washenga Maracha

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, soksi imetoboka, mbele ya baba yake Keji.

Nawaandikia barua moja nyinyi watatu niliolala nanyi chumba kimoja chuoni. Mtapokezana. Niko Dranya bado, nimekaa nyuma ya jiko la wakwe, na jua halijazama. Nimeomba karatasi mapema kwa sababu najua habari hii itafika Arua kabla yangu, na ni afadhali muipate kwangu. Someni mpaka mwisho kabla ya kunitungia jina.

Mnaijua pikipiki yangu. Na mnaijua barabara ya Arua kwenda Koboko wakati wa kiangazi. Lori moja likipita, vumbi linasimama kama ukuta, na aliye nyuma haoni hata mikono yake. Mwezi uliopita, humo humo ndani ya vumbi, lori la tumbaku lilikuja nyuma yangu. Dereva hakuniona kabisa. Bampa iligusa mfuko wangu wa madaftari nilioufunga nyuma ya kiti. Iligusa tu! Nikaenda na pikipiki yangu mpaka ndani ya shamba la mihogo la watu, nikakaa pale mpaka mwenye shamba akaja kuniuliza kama nataka kununua.

Dereva alishuka. Hakunitukana. Alinionyesha taa yangu ya nyuma na kuniuliza, "Mwalimu, hii ni taa ama ni kifungo ya shati?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko mwiba. Nikaamua kuweka taa ambayo mtu hawezi kusema hakuiona.

Nilipata taa ya nyuma ya lori bovu, kubwa kama sahani ya wali, nyekundu safi, haina ufa. Nikatafuta balbu za volti sita zinazolingana na betri yangu. Fundi wa pale Arua alitaka kunifungia. Nikakataa. (Mimi nafundisha sayansi darasa la sita. Nitamwachaje mtu mwingine anifungie taa?) Nikachomea kipande cha bati nyuma ya kiti, nikaifunga kwa bolti nne, nikavuta waya mwenyewe. Balbu ndogo chini inawaka muda wote: inasema niko hapa. Balbu kubwa juu inawaka nikikanyaga breki: inasema nasimama.

Kuna swichi ndogo pembeni ya pedali ya breki, inavutwa na springi. Ile springi ilikuwa imelegea, taa ilichelewa kuwaka. Nikaikata, nikaikaza. Sasa ukigusa pedali kidogo tu, kama unamgusa mtoto aliyelala, taa inawaka. Niliona nimefanya kazi kubwa. Niliita majirani wote wa Pajulu waje kuangalia.

Sasa njooni kwenye siku ya leo.

Leo ndiyo siku niliyokuwa nakwenda kwao Keji, huku Dranya upande wa Koboko, kujitambulisha kama mchumba. Washenga wangu walikuwa wawili. Shangazi Ayikoru, ambaye ndiye mdomo wetu, maana siku kama ya leo kijana hajisemei. Na baba mdogo Andama, ambaye zamani alikuwa dereva jeshini, akaendesha pikap ya kuazima yenye sukari, sabuni, jogoo na mbuzi wawili.

Mimi nilisema nitatangulia na pikipiki kwa sababu naijua barabara, mashimo yote na kalavati zilizovunjika. Nikampa baba mdogo maelekezo. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu maneno haya niliyasema mwenyewe, kwa mdomo wangu:

"Baba mdogo, ndani ya vumbi hutaniona. Utaona taa tu. Ile kubwa ikiwaka, mbele kuna hatari. Simama. Usisogee mpaka izime."

"Kama taa nawaka, mimi nasimama," akasema.

"Ndiyo."

"Kama nazima, mimi natembea."

"Ndiyo hivyo."

Akanipigia saluti. Nilidhani anatania.

Tukaondoka. Jamani, ilikuwa raha! Nikifika kwenye shimo, nagusa breki, nyuma nasikia pikap inasimama. Naachia, inakuja. Shimo, simama. Kalavati, simama. Kama mwalimu wa kwaya na kwaya yake. Tulifika Maracha, mji wa njiani, bila mbuzi hata mmoja kuanguka. Shangazi alishuka akanishika bega, akasema, "Hii taa yako ni kitu ya maana." Nikavimba.

Pale Maracha ndipo nilipojiharibia.

Kutoka nyumbani nilikuwa nimevaa sandali za tairi. Sasa nikasema, siwezi kufika kwa wakwe na miguu myekundu kama ya mchimba kaburi. Nilikuwa nimeazima viatu vya mwalimu mkuu, vyeusi, vizito, vyenye soli nene, vikubwa kwangu kwa namba mbili. Nikanawa miguu, nikavaa soksi, nikavaa viatu, sandali nikazitupia kwenye pikap. Nikapanda. Nikawasha. Nikainua mkono kama kamanda, nikaondoka.

Njia ilikuwa nzuri kupita nilivyotegemea. Kila nikiangalia kioo cha pembeni, naona vumbi langu mwenyewe. Nikasema, sawa, wapo humo ndani. Nikawa naimba.

Nikafika Dranya. Ukoo wote wa Keji ulikuwa umepanga viti. Akina mama wakapiga vigelegele, wakatoka mbio kupokea wageni. Wakanikuta mimi. Peke yangu. Wakaangalia nyuma yangu. Wakaangalia tena. Vigelegele vikapungua kimoja kimoja, kama mvua inayoacha kunyesha.

Baba yake Keji, Mzee Lumago, akasimama. Ni mtu mrefu, naye alikuwa askari zamani, fundi wa magari ya jeshi. Sauti yake ni ya chini lakini inafika.

"Mwalimu, karibu. Watu yako iko wapi?"

"Iko nyuma, Mzee."

"Nyuma wapi?"

"Ndani ya vumbi."

Akaangalia barabara. Vumbi lilikuwa limeshatua. Barabara tupu, kuku mmoja anavuka.

Wakanipa kiti. Nikakaa. Siruhusiwi kuongea, mdomo wangu uko kwenye pikap. Wazee kumi na mbili wananiangalia, na mimi naangalia viatu. Dakika kumi. Nusu saa. Mzee mmoja mwenye kofia akamnong'oneza mwenzake, lakini kwa nguvu ya kutosha wazee wote kusikia: "Labda huyu hana watu."

Pale moyo uliniuma kweli. Sisemi hii kwa kuchekesha. Kijana kufika bila watu ni kama kusema umeokotwa. Niliona pazia la nyumba likisogea, nikajua ni Keji anachungulia. Nikaanza kuogopa kitu kingine pia: kwamba pikap imepinduka, na shangazi yangu amelala kwenye mtaro huko, na mimi nimekuja huku nikiimba.

Nikasimama. "Mzee, naomba ruhusa niende kuwatafuta."

Mzee Lumago alinitazama usoni kwa muda. Nadhani aliona hofu yangu si ya kuigiza. Akachukua fimbo yake.

"Tunakwenda wawili," akasema.

Na akapanda nyuma yangu! Baba mkwe mtarajiwa, kwenye kiti cha pikipiki, magoti yake mbavuni mwangu. Sikuwahi kuendesha kwa adabu namna ile. Kila mtaro nilichungulia. Hakuna kitu.

Tukawakuta pale pale Maracha. Pale pale nilipowaacha! Hawakusogea hata hatua moja. Shangazi alikuwa kivulini na gauni lake la sherehe, gomesi, ameshafanya urafiki na wauza mihogo wote. Mbuzi wameteremshwa, wanakula majani. Baba mdogo Andama amekaa wima kwenye usukani, mikono miwili juu yake, macho mbele.

Nilikaribia kulia kwa furaha. Halafu nikakasirika.

"Baba mdogo! Kwa nini hamkuja?"

"Taa iliwaka."

"Taa gani?"

"Kubwa. Uliwasha pikipiki, yenyewe nawaka. Uliondoka, bado nawaka. Mimi nikasema, mbele iko na kitu mbaya, mwalimu amekwenda kuangalia, atarudi kutuambia." Akachungulia barabara. "Iko na nini huko mbele?"

"Hakuna kitu! Sikushika breki!"

"Ulisema nisisogee mpaka izime."

"Nilimwambia twende," shangazi akadakia kutoka kivulini. "Mara tatu nilimwambia. Akasema amri ni amri."

Nikageuza pikipiki kuelekea Koboko. Nikasema basi, tumechelewa, nifuateni. Nikatia gia. Pikap haikuwaka. Nikageuka.

"Bado nyekundu!" baba mdogo akaita.

Hapo Mzee Lumago akashuka. Akazunguka nyuma, akachuchumaa mbele ya taa yangu. Akaitazama kama daktari.

"Mwalimu, umekanyaga breki?"

"Hapana, Mzee."

"Iko nawaka."

"Haiwezekani, Mzee. Nimefunga mwenyewe."

Akaja mbele. Akainama. Akaangalia mguu wangu wa kulia, kwenye kile kiatu kikubwa cha mwalimu mkuu, soli yake nene imelala juu ya pedali kama mtu aliyekuja kukaa wiki nzima.

"Inua mguu."

Nikainua. Nyuma, wauza mihogo wote wakasema kwa pamoja: "Imezimaaa!"

"Rudisha."

Nikarudisha. "Imewakaaa!"

"Inua." "Imezimaaa!" "Rudisha." "Imewakaaa!"

Tulifanya hivyo mara tano au sita. Mara ya kwanza ilikuwa uchunguzi. Zile nyingine, nadhani mzee alikuwa anafurahi tu. Watu walitoka mpaka sokoni. Mtu wa baiskeli alisimama akauliza kama tunauza.

"Toa hiyo kiatu," Mzee Lumago akasema.

"Mzee..."

"Toa."

Nikatoa. Na kidole gumba changu kikatokeza nje ya soksi, chote, kikawasalimia watu wa Maracha. Kelele iliyopigwa pale sijawahi kuisikia hata kwenye mpira. Shangazi Ayikoru alijifunika uso kwa kitambaa. Mwanzoni nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Baba mdogo peke yake hakucheka. Taa ilipozima tu, akawasha gari. "Natembea," akasema.

Basi nilifika kwa wakwe mara ya pili, sasa na watu wangu, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi yenye dirisha. Vigelegele vilikuwa vichache, vicheko vingi, maana hata jogoo hajashushwa, Mzee Lumago ameshaanza kuwaeleza wenzake, mpaka na "Imezimaaa" yenyewe. Yule mzee wa kofia alicheka mpaka akaomba maji. Hakuna aliyeuliza tena kama nina watu.

Shangazi aliongea vizuri sana. Walipomaliza, Mzee Lumago akasema maneno machache: "Mimi nimeona vijana wengi anakuja hapa na pikipiki ya kelele. Huyu ameweka taa sababu yeye anaogopa kufa. Mutu anaogopa kufa, atachunga mtoto yangu." Halafu akaongeza, "Lakini hiyo springi nitafunga mimi."

Amenikubali, jamani! Anaifunga sasa hivi ninavyoandika, nasikia koleo. Keji ameniletea chai na sandali zangu kutoka kwenye pikap, akakaa mbali kidogo kama inavyotakiwa, na akasema jambo moja tu, kwamba siku ya harusi pikap itatangulia.

Nimesema sawa, lakini nyuma yangu watakuja wageni wengine. Kwa hiyo msinicheke, maana nitahitaji mmoja wenu akae nyuma yangu siku hiyo, mgongo kwa mgongo, aangalie taa.