Mashine ya Baba Ichelewe Kidogo

Jumanne, 1 Julai

Nimeagiza! Garimoshi dogo la mvuke, urefu wake kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Si la kuunganisha vipande. Limekamilika kiwandani. Unalitoa kwenye boksi, unatia maji, unatia spiriti, unawasha, magurudumu yanazunguka. Hata filimbi linapiga kwa mvuke wake lenyewe. Limeshafika Dar es Salaam kwa wakala. Wiki ijayo litapanda basi kuja Mwanza.

Baba haoni tena, lakini masikio anayo. Miaka ishirini na sita aliendesha mashine za mvuke kati ya Tabora na Mwanza. Sasa ana miaka themanini na tisa, amelala chumba cha mbele hapa kwangu Butimba, na kila asubuhi anauliza kama mashine imeshapata moto. Safari hii nitamjibu ndiyo. Atajua ni mimi Muharami niliyemletea, si Makame.

Makame ni mdogo wangu. Anakaa Sengerema, ana duka la mabati na sauti kubwa. Mwezi uliopita alimletea Baba redio. Baba akamshukuru mara tatu. Nilihesabu.

Wakala anataka namba mbili za simu za kuandika juu ya boksi, ya pili iwe ya akiba. Ya kwanza nimempa yangu. Ya pili nimempa ya Makame, makusudi kabisa. Awe chini yangu angalau kwenye karatasi.

Alhamisi, 3 Julai

Siku ya maandalizi. Nimenunua spiriti na maji ya betri. Baba akasikia chupa, akauliza ni maji gani. Nikamwambia. Akasema mashine si betri. Akaeleza kwa nusu saa kwamba maji ya Shinyanga yalikuwa yanaacha magadi kwenye tangi, na kwamba mashine yake ilifurahi ikifika Mwanza tu, ikanywa maji ya ziwa.

Basi nikaenda ziwani na dumu. Nikachuja maji kwa leso. Mama mmoja aliyekuwa anaosha sufuria akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni ya mashine. Akasogeza sufuria zake mbali na mimi.

Niliporudi Raya alikuwa amenuna. Raya ni dada yetu. Alikuja kutoka Tabora mwezi wa nne kumuuguza Baba, na sanduku lake lilifika zipu imepasuka. Akasema Baba aliniita nimgeuze ubavu, akangoja, mwisho yeye Raya ndiye aliyemgeuza. Akasema Baba hataki maji, anataka mtu wa kukaa naye. Nikamwambia sina nafasi ya kukaa, nahangaika kwa ajili yake.

Shajara hii naificha chini ya godoro la Baba. Hapo hakuna atakayetafuta.

Jumapili, 6 Julai

Makame amekuja. Zamani kivuko kilikuwa kinanisaidia, akikuta foleni anaahirisha. Sasa kuna daraja, anafika hata bila sababu. Amekaa kitandani kwa Baba saa tatu nzima. Amemnyoa ndevu. Nilikuwa nimepanga kumnyoa mimi.

Nikatangaza kwamba kuna kitu kikubwa kiko njiani. Sikuweza kujizuia, nikasema ni mashine ya mvuke, ya kweli, inayowaka. Baba akasema maneno ambayo sikuyatarajia.

Lazima nieleze. Zamani dereva hakujiendea tu kazini. Mashine ikishawashwa, shirika la reli lilituma mtu mwenye daftari la zamu mpaka mlangoni kwako. Unaambiwa saa ya treni, unatia sahihi, ndipo unavaa buti. Bila sahihi huondoki. Baba hakuwahi kuondoka bila sahihi hata siku moja, na wenzake walimcheka kwa hilo.

Leo akasema, "Nangoja mashine tu, wanangu. Nikishaisikia, mniletee daftari nitie sahihi, niende. Nimechoka."

Raya akakimbilia jikoni. Makame akamshika mkono. Mimi nikatoka nje, nikasimama kwenye mipapai, nikafikiri. Mashine isipofika, daftari haliletwi. Daftari lisipoletwa, hakuna sahihi. Bila sahihi, Baba haondoki.

Kwa hiyo mashine isifike.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nimempigia wakala tangu asubuhi, nimwambie asitume. Amepokea saa nane. Akasema nisiwe na wasiwasi, ameshaipakia leo alfajiri, na amemwomba kondakta aiweke mahali pazuri. Mtu mwenye bidii namna hii sijapata kumwona! Nimemshukuru.

Jumanne, 8 Julai

Simu. Dada wa vifurushi, stendi ya Nyegezi, jina lake Modesta. Mzigo wa Muharami umefika. Nikasema amekosea namba. Akapiga tena. Nikabana pua, nikasema Muharami amesafiri.

Baadaye nikaenda mwenyewe, nikiwa nimevaa kofia ya Baba mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kuliona boksi tu. Liko rafu ya pili. Ubavuni lina picha ya mashine nyeusi yenye magurudumu mekundu, sawasawa na ile ya Baba. Nikamwambia Modesta mimi ni mpita njia, naomba kuligusa. Akaniruhusu. Likawa zito kuliko nilivyodhani.

Akaniuliza kama mimi ndiye Muharami. Nikakana. Akauliza sasa mbona nalia. Nikasema vumbi.

Nyumbani Baba akauliza kama mashine imeshapata moto. Nikamwambia reli imesombwa na mvua karibu na Malampaka. Akashangaa.

"Mvua ya Julai?"

Nikasema ndiyo, ya ghafla. Akasema basi niwape pole watu wa njia ya reli, kazi yao ni ngumu. Kisha akaniomba nikae. Nilikaa dakika mbili, lakini nikawa naogopa asije akauliza zaidi, nikatoka. Raya anasema hajala tangu jana, anameza maji tu.

Jumatano, 9 Julai

Namba ya pili!

Nimekumbuka nikiwa napiga mswaki. Modesta akichoka kunipigia mimi atampigia Makame. Nimempigia Makame mara sita, hapokei. Nampigia Modesta, simu yake inatumika. Nakwenda Sengerema sasa hivi kumzuia kwa mkono. Kivuko cha Kamanga, ndicho nilichozoea.

Baba ameuliza nakwenda wapi. Nimesema narudi sasa hivi. Akasema haya. Daftari hili la shajara narudisha chini ya godoro.

Ijumaa, 11 Julai

Ukurasa unaofuata ule wa Jumatano una sahihi ya Baba. Siandiki kitu juu yake, nimeuruka.

Nimesimuliwa na Raya. Mimi nilikuwa juu ya maji naelekea Sengerema, Makame alikuwa darajani anakuja Mwanza. Modesta alimwambia kuna mzee mmoja alikuja akalia mbele ya boksi na hakutaka kulichukua. Makame akadhani nimeshindwa kulibeba. Alitaka kunisaidia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Reli ya kutembezea mashine sikuwa nimeagiza. Sikufikiri habari ya reli. Makame akaiinua mashine kwa mikono miwili karibu na sikio la Baba, kwa kitambaa maana inachoma, magurudumu yakazunguka hewani. Maji yalikuwa yale yangu ya ziwani. Raya ndiye aliyewasha kiberiti. Anasema Baba aliponusa spiriti uso ulibadilika. Akasikiliza. Akasema moto umezidi, wapunguze. Wakapunguza. Akasema sasa sawa. Akaomba filimbi, na Makame akakipeleka kidole cha Baba mpaka kwenye kamba, Baba akapiga mwenyewe. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia dirishani.

Kisha akaomba daftari.

Makame hakuwa na daftari. Akatafuta huku na huku, akapitisha mkono chini ya godoro, akakuta hili. Akafungua ukurasa mtupu. Baba akauliza ni saa ngapi. Saa tisa na dakika arobaini. Akatia sahihi, na imekaa vizuri, imepanda juu kidogo tu mwishoni.

Akauliza Muharami yuko wapi. Wakamwambia yuko njiani. Akasema wamngoje. Makame akaongeza maji mara mbili ili mashine isipoe. Walingoja mpaka spiriti ikaisha. Baba akalala. Mimi nilikuta viti vimeshatolewa nje na watu wamevua viatu mlangoni, na adhana ya magharibi inaadhiniwa.

Tulimzika jana baada ya adhuhuri. Tulishuka kaburini mimi na Makame. Alikuwa mwepesi sana, Baba.

Raya amesoma ukurasa wa Jumapili. Hakunifokea. Akasema, "Kaka, hakufa kwa sababu ya mashine. Alikuwa anaondoka tangu mwezi wa tano, sote tulimwona. Ungekaa naye tu."

Najuta. Sikulala, nimewaza tu. Na nimeona kosa liko wapi. Ni ile namba ya pili. Ningeandika moja, boksi lingekuwa rafuni mpaka leo.

Jumatano, 16 Julai

Makame amerudi Sengerema. Alitaka kuniachia mashine, nikamwambia aichukue yeye. Akasema hapana, ni ya kwako, wewe ndiye uliyemletea Baba. Akaiweka kwenye kabati, akanikumbatia, akaondoka.

Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi nilijikuta nasubiri mtu aulize habari ya moto.

Jumamosi, 19 Julai

Raya anaondoka. Amesema leo baada ya kufagia chumba cha mbele. Ana wajukuu Tabora, amewaacha miezi mitatu. Ataondoka Jumatatu, sanduku lake likishatoka kwa Masalu, fundi viatu wa pale njia panda, anayelitia zipu mpya.

Akapika chai ya tangawizi na vitumbua. Akatandika mkeka barazani. Akasema njoo, kaka, tukae leo, nikusimulie yote aliyokuwa anasema Baba ukiwa haupo. Alikuwa anakutaja sana.

Nikamwambia naja, nina haraka kidogo, kuna mtu namfuata.

Masalu alikuwa ameshamaliza. Sanduku linaning'inia mlangoni, zipu inang'aa. Nikamwambia kuna mabadiliko. Aitoe zipu hiyo, atafute nyingine, ya rangi nyingine, asiwe na pupa. Sanduku alitie ndani kabisa, nyuma ya ngozi, lisionekane na mpita njia. Akanitazama sana. Kisha akasema sawa, mzee, akachukua kalamu kuandika simu yangu kwenye kipande cha boksi. Nikampa. Akaomba na ya pili, ya akiba.

Nimekataa. Safari hii nimeacha moja tu.