Kila Bano Ni Hesabu

Jumatatu, 3 Machi

Bahati imenibishia hodi! Bosi kanipa kitabu cha hesabu cha Mwalimu mstaafu nikiandae kwa uchapaji. Kikiharibika, kasema, narudi ghalani kubeba marobota ya karatasi. Mgongo wangu ulimsikia kabla ya masikio.

Shida ndogo. Mwalimu kaandika kwa Markdown, ule mtindo wa kupanga maandishi kwa alama za kawaida, na programu yetu huitambua hesabu ikiwa tu imewekwa katikati ya alama za dola. Yeye zake kazifungia kwenye mabano, kila bano limetanguliwa na mkwaju, yaani kistari kilicholalia nyuma. Kobe, jirani yangu wa meza, kasema ataifundisha programu itambue namna zote mbili, taratibu, mpaka Ijumaa. Mwenda pole hajikwai, kaongeza, huku anatafuna karanga. Wala hafiki! Nimemwahidi Bosi kesho.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua siri. Programu inaimeza ile mikwaju njiani. Yanayofika kwenye ukurasa ni mabano matupu. Sasa tunahangaika nini? Nimeiamuru: ukiona bano, hiyo ni hesabu, ipambe. Nikabonyeza. Sehemu zikapandana, vipeo vikakaa juu, raha tupu! Nimetazama sura moja, nikaridhika, nikampelekea Bosi kabla ya chai. Kobe bado anasoma maelekezo, maskini.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Kobe kanijia akicheka mpaka karanga zikampalia. Kumbe Mwalimu ni mtu wa mabano. Hamalizi sentensi bila kunong'ona kitu pembeni. Na kila mnong'ono sasa ni hesabu: herufi zimelala upande, zimebanana, neno halijulikani linaanzia wapi.

Mbaya kuliko yote ni ukurasa wa shukrani. Mwalimu aliandika: kwa mke wangu (aliyenivumilia hata nilipokuwa sivumiliki). Yule mama sasa ni mlinganyo! Na Bosi keshachapa nakala ya mfano. Kesho wanakuja kuiona, mume na mke. Nimemwambia Bosi naumwa. Kasema nije hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango: kuumwagia chai ukurasa wa shukrani. Nimemwaga. Yote imeishia kwenye suruali yangu.

Mama kauchukua ukurasa, kausoma. Mimi kichwani nilishafika ghalani. Mara kaangua kicheko mpaka akashika meza. Kamwambia mumewe kwamba miaka yote anawaandikia watu hesabu, leo ndiyo mara ya kwanza kumwandikia yeye. Mwalimu kaona haya kama bwana harusi. Wakaomba shukrani ziachwe vile vile!

Mengine yote, kasema Bosi bila hata kutabasamu, yarekebishwe kwa njia ya Kobe, na mimi nikae pembeni nimmenyee karanga. Karanga tu? Ningemmenyea shamba zima! Sirudi ghalani! Nimeshusha pumzi mpaka kifungo cha shati kimeruka. Mungu mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kitabu kimekamilika, kinapendeza. Kobe kasema bila shaka sasa nimejifunza. Nimemjibu sana tu.

Mchana kaja mwalimu wa fizikia na kitabu chake. Hesabu zake zimo kwenye mabano ya mraba. Kobe kashauri tutazame kwanza mabano hayo yametumika wapi kwingine humo. Tutazame nini? Yale yalikuwa ya mviringo! Nimemwahidi Bosi kabla ya chai.