Jerikeni ya Rangi ya Fedha

Jumanne, 20 Januari 2026

Siku nne tu! Jumamosi ni mbio za pikipiki za muda wa saa sita, Sindo hadi Kisegi na kurudi, tena na tena, kwenye vumbi. Dada yangu Mellen ndiye dereva. Mimi, Machuki, ndiye mkuu wa kikosi. Kikosi chenyewe ni mimi.

Mwaka jana Nyangau wa Rongo alitushinda kwa nusu dakika. Nusu dakika! Tangu hapo tukikutana ananipungia mkono kama mheshimiwa. Nimechunguza. Hatukupoteza muda barabarani, tuliupoteza tukijaza mafuta.

Msimamizi wa mafuta ni Madam Hibo, mwenye kituo cha petroli hapa Migori mjini. Ana masharti kuliko ubalozi. Injini izimwe. Dereva ashuke. Jerikeni iwe ya chuma. Waya uunganishe jerikeni, pikipiki na nondo iliyopigwa ardhini, kabla kifuniko hakijafunguliwa. Nguo za pamba. Nikauliza yote hayo ya nini. Akasema ni umeme tuli. Kiangazi hiki, nailoni na plastiki zikisuguana zinabeba umeme, na cheche moja ikirukia mvuke wa petroli, basi.

Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Akilini nilikuwa nachagua rangi ya jaketi.

Alhamisi, 22 Januari

Jaketi imefika! Nailoni, rangi ya dhahabu, KIKOSI CHA MACHUKI mgongoni. Nikapita nayo kwa Madam Hibo aione. Akaniingiza kwenye stoo yake yenye giza, akaniambia niivue. Tra-tra-tra! Cheche za buluu hadi kwenye viwiko. Nywele wima.

"Umeona, Bwana Machuki?"

Nikamwambia ni damu yangu, ina nguvu.

Amepiga marufuku jaketi. Na jerikeni yangu ya plastiki pia! Lakini ya chuma ni nzito, na mgongo wangu haukuumbwa kwa vyuma. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Halafu, papo! Rangi ya fedha. Mkebe mmoja unatosha.

Ijumaa, 23 Januari

Imekauka. Ukisimama mbali huwezi kujua. Mellen akasimama karibu, akaigonga kwa kidole. Ikalia bup. Akauliza ni chuma gani hicho. Nikasema cha kisasa. Akaniangalia sana, kisha akaenda kwa mama kuomba blanketi nzito la pamba. Nikauliza la nini. Akasema basi tu.

Tumefanya mazoezi kwa maji: sekunde kumi na nne! Nyangau, mfuata masharti, hutumia thelathini na moja. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika nikiwa hai.

Asubuhi Madam Hibo alipopita kukagua nilimwonyesha jerikeni ya chuma niliyoazima kwa jirani. Akapita. Nikatoa ile yangu. Waya nikaubana kwenye mpini wake wa plastiki, kwa sura tu. Jaketi nilikuwa nimeificha ndani ya ovaroli, lakini jua likawa kali, nikavua ovaroli. Watu waliona dhahabu!

Mellen aliingia kujaza mafuta akiwa wa pili. Nikamwambia abaki juu ya pikipiki tuokoe muda. Akazima injini, akashuka. Ashukuriwe Mungu alishuka! Nikafungua tangi, nikainamisha jerikeni.

Tak.

Kijicheche kidogo, hata hakikuuma. Kisha moto ukasimama kwenye mdomo wa tangi, urefu wa mkono.

"Kaka, rudi nyuma! Nyuma!"

Mimi nikaikumbatia jerikeni. Nyangau akaruka kutoka kibanda cha pili, alikokuwa akijaza mafuta, akanivuta kwa kola, mimi na lita zangu kumi za petroli. Mellen akatupa lile blanketi la mama juu ya tangi, kumbe alikuwa ameshaliloweka maji chepechepe. Akalikandamiza. Moto ukafa. Sekunde tano labda. Nilizeeka.

Nikahesabu. Vidole vya Mellen, kumi. Vyangu, kumi. Nyusi, moja. Nikamkumbatia nikalia. Nikasema ni vumbi. Akasema vumbi langu lina makamasi.

Madam Hibo alipitisha kidole kwenye jerikeni, kikatoka na rangi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikagua pikipiki, tangi lilikuwa zima, rangi tu ndiyo imebabuka. Adhabu ni dakika kumi, na mimi nikae mbali na petroli, nishike ndoo ya mchanga. Mara ya pili Mellen alijaza mwenyewe, kwa ile jerikeni ya jirani, waya mahali pake, kila sharti. Sekunde ishirini na nane. Sikupumua hata moja.

Tumemaliza wa sita. Nyangau ameshinda. Nilimpigia makofi, na nilikuwa namaanisha. Nilimshukuru. Akasema nisijali, jaketi yangu ilikuwa na kola nzuri ya kushika.

Jumapili, 25 Januari

Nimeamka mapema nikaenda kuchungulia chumba cha Mellen. Yuko. Anakoroma. Sijawahi kusikia mkoromo mtamu hivyo. Nikakaa mlangoni kitambo, namsikiliza tu, moyo mwepesi kama karatasi.

Kisha nikatafakari kwa dhati, kama mtu mzima. Nilikosea. Nakubali! Petroli ni kitu cha hatari, na sitaki dada yangu aiguse tena maishani.

Kwa hiyo mwaka ujao tunatumia gesi ya kupikia. Haimwagiki. Haitaki waya. Mtungi wa mama wa kilo sita unakaa nyuma ya kiti bila shida, nimeupima sasa hivi. Mama yuko kanisani mpaka saa saba. Kilichobaki ni kutafuta mpira wa kuuunganisha na injini.