Safari Yangu ya Rouen

Jumatatu, 3 Septemba 1945
Memsabu Odette, mjane mwenye shamba hili la kahawa, anakwenda kwao Ufaransa, mji wa Rouen, meli ikipatikana. Anamtafuta mama yake. Tangu vita, kimya. Atachukua mtumishi mmoja! Wote wanasema ni Lemburis mpishi. Lemburis! Mtu hajawahi kuvuka Kisongo, hapo jirani tu. Mimi dobi tu, lakini nina akili.

Jumanne, 4 Septemba
Nimemwambia Memsabu kwamba nilifika Rouen na jeshi. (Jeshini nilimenya viazi Nairobi, basi.) Kanisa lao kubwa nimelieleza jiwe kwa jiwe, picha yake iko ukutani, kila siku naifuta vumbi. Nikaongeza jumba la makumbusho, maduka ya kofia, bata wa kuoka. Memsabu alicheka. Lemburis alinuna mpaka mkate ukaungua. Safi!

Alhamisi, 6 Septemba
Memsabu kaniita barazani. Kauliza kama nilipita mtaa wa mtoni, duka la vitambaa, mlango wa kijani. Kwa mama yake. Ningesemaje? Nikasema nilipita. Bibi kizee je, yupo? Yupo, Memsabu, mzima, alinipa supu ya vitunguu. Akanishika mikono yote miwili, machozi tele. Roho ilinichoma kidogo. Kisha akasema nitasafiri naye mimi! Lemburis kwisha! Jioni nikashuka mjini kwa Ramesh, fundi cherehani, kupimwa koti la baridi.

Jumamosi, 8 Septemba
Balaa. Mgeni wa chakula cha mchana alikuwa kapteni aliyetoka Rouen kweli. Mimi nabeba sahani. Memsabu akamwambia kwa furaha kwamba mama yu hai, dobi wake kamwona. Kapteni akaweka uma chini. Akasema polepole kwamba kanisa limejeruhiwa lakini limesimama. Ule mtaa wa mtoni uliteketea wote, na duka lile na waliokuwamo.
Memsabu akanigeukia. “Ulimwona kweli, Lerionka?”
Nikasema labda ulikuwa mtaa wa pili.
Alikwenda chumbani kwake. Kilio chake kilifika mpaka jikoni. Lemburis akampelekea chai, akakaa nje ya mlango wake, kofia mkononi. Mimi hakunitazama.

Jumapili, 9 Septemba
Nimefukuzwa. Nilitegemea matusi, hata viboko. Hakufoka. Alisema, “Nilikwishaanza kuzoea kwamba mama amekufa. Ukamfufua. Jana alikufa tena.” Nimeteremka mlima kwa miguu, vumbi mpaka kooni.

Jumanne, 11 Septemba
Tengeru kuna kambi ya Wapolandi, wakimbizi wa vita. Wanatafuta dobi. Wengi hawajui ndugu zao wako wapi, maskini. Nimemwuliza askari wa getini mji wao mkuu unaitwaje. Varshava, kasema.
Mji mzuri sana. Nilipita pale mwaka jana.