Kofia na Rundo la Samadi

Jamaa zangu wa Sikonge, leo nimevuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima wa sinema, na shati nililokuwa nimevaa nililipiga pasi mwenyewe asubuhi.

Mliniomba niitazame sinema mpya ya yule shujaa wetu Kofia siku ya kwanza, kisha niwaarifu kama inafaa nyinyi kuacha mizinga yenu ya nyuki na kupanda baiskeli mpaka Tabora. Nitawaarifu. Lakini nitaeleza kwa utaratibu, maana habari hii itawafikia kwa midomo ya wengine, na wengine hawana utaratibu.

Mnakumbuka tulipoachwa. Sinema ya nne ilikuja hapa kabla ya Azimio la Arusha. Mle ndani Kofia, ambaye hata akirushwa kutoka juu ya treni kofia yake haimtoki, alianguka na daraja zima mtoni. Kofia ikabaki inaelea peke yake. Taa zikawashwa. Mama Zena wa karanga alilia mpaka akasahau kuuza. Baada ya hapo, kimya. Miaka ikapita bila sinema nyingine, tukaambiwa aliyekuwa akiigiza amezeeka, hataki tena.

Mimi peke yangu nilishikilia kwamba Kofia hakufa. Nilitoa sababu zangu pale kibarazani kwangu huku nikifungua saa za watu. Mtu akifa hafi bila kofia yake, nilisema. Aliyeiacha kaiacha kwa makusudi. Na mtu anayetafutwa na dunia nzima hujificha kwenye kazi ambayo hakuna anayeitazama. Kwa hiyo yuko shambani, analima. (Mlicheka. Maganga wenu alisema labda analima tumbaku Sikonge. Nimelikumbuka neno hilo leo.)

Basi wiki iliyopita likabandikwa tangazo karibu na soko: kofia ile ile, juu ya msumari, na chini yake neno moja la Kiingereza lenye maana ya "Amerudi". Mji ukachangamka. Watu walikuja kibarazani na saa zisizoharibika ili tu waniulize.

Sasa, jambo ambalo sikuwaambia. Pale Itetemia wanatafuta mtu wa kufundisha darasa la jioni la watu wazima, kusoma na kuandika. Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Kassim, fundi cherehani. Mimi sina cheti. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na magazeti yaliyofungiwa sukari. Lakini mnajua kwamba ukumbini ni mimi ninayewafafanulia watu wa mabenchi ya mbele wanachosema wazungu. Mzee Kassim akaniambia, "Fundi, cheti sikihitaji. Jumapili nitakuja sinema ya mchana, nikae nyuma yako, nikusikie unavyoeleza watu. Hapo nitajua."

Nililitaka darasa lile kuliko nilivyotaka kumwona Kofia. Nusu ya umri wangu nimeinamia saa za watu. Nilitaka mara moja nisimame mbele ya ubao.

Mnazijua desturi za ukumbi wetu. Kwanza huonyeshwa filamu ya serikali: pamba, majosho ya ng'ombe, kuchemsha maji. Watu wote hubaki nje wanakula karanga. Ikiisha, bawabu anapiga kengele, tunaingia kwa vishindo, na Kofia anaanza. Sijawahi kuona hata robo ya filamu ya serikali, na simjui aliyewahi.

Leo kengele ilipigwa. Tukaingia kwa vishindo. Nikakaa mahali pangu, Mama Zena kulia kwangu na ungo wake mapajani, Mzee Kassim nyuma yangu, kanzu nyeupe, mikono juu ya bakora. Nikamgeukia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Endelea na kazi yako, usinijali."

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba mwenye ukumbi alikwishakemewa na wakubwa. Aliulizwa kwa nini wananchi hawaoni filamu za maendeleo. Naye, kwa akili yake, akaamuru kuanzia leo kengele ipigwe kabla ya filamu ya serikali.

Taa zikazimwa. Picha ikaja bila sauti. Hilo halikunishtua, maana mashine ile huanza kuona kabla ya kusema. Wala hapakuwa na maandishi, mwanzo wa mkanda ulikuwa umekatika. Tukamwona mzungu amesimama pembeni mwa shamba, jua linawaka, kichwa wazi.

Kichwa wazi, jamaa zangu. Shambani.

Nikasimama. (Kwa kawaida huwa sisimami.)

"Ndiye," nikasema. "Ndiye mwenyewe. Nilisema yuko shambani."

Ukumbi ulipiga makofi. Mtu nyuma akapaza sauti, "Fundi alisema!" Nami nikamtupia jicho Mzee Kassim, akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali.

"Mbona amenenepa?" Mama Zena akauliza.

"Anakula vizuri. Ni sehemu ya kujificha."

Mzungu akainama, akachukua udongo, akaunusa.

"Ananusa alama za adui," nikaeleza. "Wamepita hapa jana."

Wakaja wakulima, Waafrika wenzetu, na majembe. Wakachimba shimo refu.

"Hao ni wenzake aliowakusanya. Wanachimba handaki."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wa kuwazuga wanaopita barabarani."

Wakajaza shimo majani, kisha kitu cheusi kwa makarai, kisha majani tena, na tena. Nikawaambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo najua huwafanya watu wasogee mbele, kwamba pale katikati zimefichwa silaha, na kile cheusi ni baruti. Mzungu akachomeka kijiti kirefu katikati ya rundo. Akakiacha. Akakichomoa, akakishika kwa kiganja, akatabasamu.

"Anapima baruti," nikasema. "Ikiwa ya moto, kazi ni usiku wa leo."

Hakuna aliyetafuna. Ungo wa Mama Zena ulikuwa umesimama hewani kama sinia ya mizani. Ukumbi mzima ulikuwa mkononi mwangu, na nawaambia kweli, sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile.

Ndipo mashine ikapata sauti. Ikaja sauti nzito ya mwanamume, Kiswahili safi, ya mtangazaji wa redio:

"...na kijiti kikitoka na joto, mkulima, ujue samadi yako inaiva vizuri. Usiigeuze kwa pupa."

Nilibaki nimesimama. Sauti ikaendelea kumshauri mkulima juu ya mkojo wa ng'ombe.

Mama Zena akateremsha ungo. Akanitazama, akasema polepole, ukumbi mzima ukisikia:

"Haya Fundi, tufasirie."

Sijui niwaeleze vipi kicheko kile. Hakikuanza sehemu moja. Watu walipiga mabenchi. Bawabu aliingia kuona kama kuna moto. Nilikaa, nikatazama mbele, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya niliitazama filamu ile mpaka mwisho. Mimi sasa najua kutengeneza samadi.

Kisha Kofia akaanza, Kofia wa kweli. Hakuna aliyeniuliza neno. Wazungu walisema walichosema, na mabenchi ya mbele yakajitafsiria yenyewe, vibaya sana. Mtu mmoja alieleza kwamba balozi ni mke wa daktari. Sikumsahihisha. Sikuthubutu kugeuka kumtazama Mzee Kassim.

Nawaambieni sasa sehemu ambayo inaniuma kuliko zote.

Katikati ya sinema, binti wa yule rafiki wa Kofia aliyeuawa kwenye sinema ya pili anakwenda kumtafuta. Anapita milima. Anafika kwenye zizi la farasi mahali pa upweke. Kuna mzee, mgongo umetugeukia, kichwa wazi, nywele nyeupe. Ana beleshi. Anageuka taratibu. Ni yeye. Ni yule yule mwigizaji wetu wa zamani, amezeeka kweli, macho yake yamechoka, na unaona kwamba miaka yote hii alikuwa hai na hakutaka mtu ajue.

Alikuwa shambani. Nilisema. Miaka yote nilisema.

Na alikuwa akizoa mavi ya farasi.

"Samadi!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi ukaanguka. Binti akimlilia, watu wanalia kwa kucheka. Akimwambia baba yake alikufa akilitaja jina lake, wao wanasema, "Mwambie asigeuze kwa pupa." Na mpaka mwisho haikuwezekana tena. Kila aliposhika bunduki waliuliza kama ina joto. Alipoitwaa kofia kwenye msumari na kuivaa, jambo nililolisubiri tangu kabla ya Azimio, sikusikia hata muziki.

Nje, watu walikuwa wanafuta macho na kupeana mikono. Niliyasikia maoni yao ya kwanza, na kwa kuwa mliyataka, nayaandika: kwamba Kofia wa safari hii anachekesha kuwapita wote wanne. Kijana mmoja alisema anarudi kesho na mama yake, kwa sababu ya sehemu ya zizi.

Mzee Kassim alinisubiri penye mlango. Nilimwamkia tena. Akaitikia.

"Darasa la kusoma," akasema, "tutamwomba yule binti aliyemaliza shule ya kati. Usichukie, Fundi. Mwalimu anatakiwa ajue somo gani linafundishwa."

"Nimeelewa, mzee."

"Ngoja, sijamaliza. Bwana shamba amekuja Itetemia mara nyingi kutueleza samadi. Watu wanasinzia. Mimi mwenyewe nasinzia. Leo umeieleza, na hakuna aliyekohoa."

"Mzee, nilikuwa nakosea."

"Ulikosea penye silaha tu. Shimo, majani, kijiti, vyote nimevikumbuka. Tungependa uje kesho Jumatatu jioni, uwaeleze watu. Darasa ni pale pale, na ubao upo." Akanielekezea bakora. "Na ile ya adui kupita jana, usiitoe. Inasaidia."

Nikakubali. Mngefanya nini? Ubao upo.

Sasa jibu lenu. Njooni. Kwa kiasi nilichoweza kusikia, ni sinema nzuri, pengine nzuri kuliko zote. Ila nina ombi moja. Mzee yule akigeuka na beleshi lake, nyamazeni. Hapo si mahali pa kucheka, ni mahali pa kulia. Mimi nililia, Mama Zena akadhani nacheka nao, akanipa karanga.

Kama ni lazima mnicheke, anzeni mkitoka Sikonge na mmalizie njiani. Barabara ni ndefu, itawatosha.